Koti la Kutishia Nyani

Nyani wa mlima ule wa juu ya stesheni ya Gulwe hawakuwa na adabu kwa wanawake. Akitokea mwanamume, wanakimbia kujificha kwenye mawe. Nikitokea mimi, wananikodolea macho kana kwamba nimechelewa kuwapakulia. Na kupiga kelele ilikuwa mwiko, maana pale palikuwa nyumba ya tafakari, watu wa kila dini wakija kukaa kimya siku tatu. Basi sisi wa kujitolea jikoni tulivaa makoti na kofia za kiume, tukawafukuza kwa fimbo bila neno.

Aliyevunja kimya, mgeni au wa jikoni, alianza siku tatu upya. Hata shikamoo haikuruhusiwa. Uliinamisha kichwa, ikatosha.

Mwaka mmoja alikuja baba yangu, bila kujua kwamba nipo.

Nilikuwa nimeacha kazi ya kupiga chapa serikalini, pale Dodoma, nikaenda kuuza mitumba kama wengi wakati ule biashara ilipofunguliwa. Kazi ile alinitafutia yeye. Nina jina la mama yake, na tangu utotoni aliniita mama. Baada ya kuiacha, nikimwamkia alijibu marahaba, basi, bila kuongeza mama. Mtu mzima mimi, nina watoto, na nililikosa neno lile hadi nikajionea aibu.

Basi nilipomwona pale mlimani nikavuta kofia hadi kwenye nyusi. Siku mbili nilimpakulia uji. Akainamisha kichwa, nikainamisha changu. Nilijificha mwenyewe, kisha nikamkasirikia kwa kutonitambua.

Siku ya tatu asubuhi nilichuchumaa uani nikipepeta maharage. Baba alikuwa amekaa kwenye gogo, mbele yangu, akitazama reli kule bondeni.

"Mama, nyuma yako."

Nikageuka na fimbo. Dume kubwa la nyani, lisiloogopa hata wanaume, lilikuwa hatua mbili tu kutoka mgongoni kwangu, macho kwenye ungo. Likaondoka polepole, bila wasiwasi wowote.

Kumbe siku zote mbili alijua ni mimi.

Msimamizi, mama mmoja mkali, alitoka jikoni akamwonyesha baba vidole vitatu. Baba akainamisha kichwa.

Zamu yangu ilikuwa inakwisha jioni hiyo, na mzigo wa nguo ulinisubiri mjini. Nikavua kofia.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa sauti ya kumfikia msimamizi.

Akaninyooshea na mimi vidole vitatu. Baba akasogea kwenye gogo, akaniachia nafasi.