Mvua ya Mabaharia

Baba yangu hajawahi kuiona bahari, lakini ameiombea miaka mingi kwa sauti ya kutikisa mabati. Ni mzee wa kanisa hapa Misigiri, na kwenye sala ya Jumapili kila mzee ana fungu lake. Mmoja huombea wagonjwa, mwingine wanafunzi. Fungu la Baba ni viongozi na mabaharia. Mchungaji mmoja kijana aliwahi kushauri mabaharia waondolewe, maana kijiji chetu hakina hata bwawa la kuogea bata. Baba akamuuliza kama watu wa pwani nao waache kuwaombea wachunga ng'ombe. Mada ikafungwa.

Shida ilikuwa namna alivyowaombea. Baba ni mkulima wa mtama na alizeti, na baraka anazozijua ni mbili tu. "Bwana, wape mabaharia mvua! Mvua ya kutosha, isiyokatika! Na upepo, Bwana, upepo mwingi!" Upepo wa kupepetea mtama, nadhani. Sote tuliitikia Amina kwa moyo safi. Huku kwetu mvua ikinyesha watu hutoka nje kuishangilia, kwa hiyo nani angeona kosa?

Kisha mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, akaenda Dar es Salaam kusoma, akapata kazi kwenye meli ya mizigo. Mama hakumkataza wala hakumruhusu. Alimfungia karanga na kuku wa kukaanga, halafu akaingia ndani kulala, mchana kweupe.

Tangu hapo, Baba akifika kwa mabaharia, Mama hutoka nje, eti kuangalia kuku wa mnada. Watu wetu huleta sadaka ya kuku, mayai au uwele, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa palepale uwanjani. Siku moja nilimfuata, nikamkuta amemkumbatia jogoo wa watu, amefumba macho. Nilimkasirikia sana mdogo wangu. Shamba lilikuwa na ubaya gani?

Alikuwa na kawaida ya kupiga simu kila meli ikitia nanga. Mara kimya. Namba haipatikani, wiki ikafuata wiki. Mama akaacha kula jioni, akisingizia jino. Hapo jumuiya yetu ya sala ikahamia kwetu, kina mama wakija na maziwa na nyimbo, wakiondoka giza likiingia.

Aliyekuja kuliko wote ni mwenyekiti wa kijiji, mwanamke mwenye sauti kali na moyo laini. Siku hizo naye alikuwa anazomewa mikutanoni, kwa sababu kisima cha pampu kilikuwa kinakauka na watu wanagombania foleni ya ndoo, kana kwamba ni yeye aliyeyanywa maji yote.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama siku ya kwanza. "Mimi na mwanao tunaombewa kwa pumzi moja. Basi huyo ni ndugu yangu, na karanga zako nina haki nazo."

Mama alicheka, akamletea ungo mzima.

Simu ilikuja Jumapili, katikati ya mnada, kwa namba ndefu ya ajabu. Nikaweka spika.

"Dada, shikamoo! Mko kanisani? Mwambie Baba apunguze! Ni mvua na upepo usiku na mchana, mawimbi yanapanda mpaka juu ya meli, mitambo ya mawasiliano imekufa, ndiyo kwanza tumefika bandarini. Jamani, huko mnaniombea nini?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mama alininyang'anya simu.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Alitaka kujua mpaka mboga, huku machozi yanamtiririka na anacheka. Nami nililia, hasira zote zimeniisha.

Jumapili iliyofuata Baba aliwaombea viongozi vizuri, wapewe ngozi ngumu na masikio makubwa. Alipofika kwa mabaharia, akakwama. Ukimwondolea mvua na upepo, Baba hana cha kumwomba Mungu. Tulimsubiri, kanisa zima tumeinamisha vichwa, na mimi nikatazama mlangoni kwa chati. Mama hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama pale pale kwenye benchi lake, mwanamke ambaye hajawahi kuomba mbele za watu.

"Bwana," alisema, "mpe mwanangu jua. Jua kavu, kama hili letu. Na ile mvua yote tuliyokuwa tunampelekea, tunaomba uirudishe nyumbani. Naye aje nayo."

Mwenyekiti alisema Amina kabla yetu sote.