Samoni kwa Matanga ya Baba

Mama alikataa kuondoa matanga mpaka mezani pawe na samoni wa kijito cha baba. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, na nawaandikia ninyi mliobaki Kigoma na Bujumbura kwa kuwa kila mkipiga simu mnauliza kwa nini mwaka umekwisha na mama bado hajarudi kwaya. Mnajua alivyokuwa sauti ya kwanza tangu tukiwa kambi ya wakimbizi. Tangu tumzike baba, alikuwa anakaa viti vya nyuma kanisani, mdomo ameufunga, na wanakwaya wakawa wanamwachia nafasi yake wazi.

Mimi nilibisha, kama kawaida yangu. Nilimwambia samoni wanauzwa hapahapa mtaani kwetu Highview, kwenye duka linalotazamana na pale tunapofulia nguo, tena wameshakatwa minofu.

"Huyo wa dukani, baba yako alimjulia wapi?"

"Na huyo wa kijitoni je, mama? Baba hatakula yeyote kati yao."

"Elia, shule yako iache mlangoni. Nenda kwa baba yako mdogo."

Nilidhani anatafuta kisingizio cha kuendelea kuomboleza. Lakini wageni walikuwa wamealikwa Jumapili. Niliomba ruhusa kwenye ghala ninakofanya kazi, nikapakia boksi la barafu na kisanduku cha nzi za baba, na Alhamisi asubuhi nikaiacha Louisville, mji wetu hapa Marekani.

Kwa asiyejua, nzi ninayoisema si mdudu. Ni ndoana iliyofungwa nyuzi, manyoya au nywele mpaka ionekane kitu hai ikiwa majini. Baba alifundishwa kuzifunga na mwenzake wa kiwandani huko Lackawanna, mji wa kwanza tuliofikia tulipotoka kambini. Jioni alizifunga kwenye meza ya jikoni, miwani kwenye ncha ya pua, na sisi watoto tulikatazwa kupuliza chai tusije tukazipeperusha nywele zake. Tulihamia Louisville baadaye, lakini kila vuli alirudi kuvua. Wakati huo samoni hutoka ziwani na kupanda kijito kwenda kutaga.

Saa nane mchana nilifika Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa dada yangu Neema. Neema husuka nywele sebuleni kwake. Nilimkuta na mteja amemaliza nusu ya kichwa, na mumewe, shemeji yangu wa Kivu, anamenya viazi.

"Utavua na viatu hivyo?" Neema aliniuliza kabla ya salamu. "Samaki watakuonea huruma."

Nilimfungulia kisanduku. Mimi nilikuwa naona rangi tu: chungwa, kijani kali, nyeusi, kahawia, zambarau. Yeye alianza kuwataja watu.

"Hii chungwa ni ya mama Sifa, ile ya harusi ya mwanawe. Hii zambarau ni ya yule Mkenya aliyekuwa analia nikimsuka. Mungu wangu, hii kahawia ni yangu mwenyewe."

Nzi karibu zote zilifungwa kwa rasta, nywele za kusukia, zilizobaki hapo sebuleni. Neema alinisimulia jinsi baba, kila akipita kwenda Lackawanna kuvua, alivyoketi pembeni ya wateja kama mtu anayesubiri zamu yake, kisha akauliza kwa adabu, "Binti yangu, hicho kipande kimebaki?" Wanawake walicheka mpaka vichwa vikamponyoka msusi. Mtoto wa Neema naye alikumbuka kwamba babu aliwahi kumpima yeye nywele za kichwani kwa vidole. Alilisema hilo kwa Kiingereza, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili, kama wanavyofanya siku zote.

"Mama ataimba kweli?" Neema aliniuliza, sauti ameishusha.

"Nikirudi na samaki."

"Na usiporudi naye?"

Shemeji ndiye aliyejibu kutoka jikoni, kwa Kiswahili chake cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa. "Bon, samaki akikosekana, unanunua moja ku magazini, unasema ni ya mutoni. Donc nani atajua?"

"Mama," tulisema mimi na Neema kwa pamoja.

Ijumaa niliondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Baada ya Cleveland barabara inafuata Ziwa Erie, na mashamba ya zabibu yanaanza. Baba alipenda kusema hapo ndipo anaposikia harufu ya Rumonge, ya kule Ziwa Tanganyika. Mimi nilikuwa nambishia kwamba hakuna harufu yoyote, ni madirisha yamefungwa. Safari hii nilishusha kioo. Harufu ilikuwa ya dizeli na majani mabichi, lakini nilikiacha wazi kwa muda.

Lackawanna haijabadilika sana. Mapangaboi ya umeme wa upepo yanazunguka pale palipokuwa na kiwanda cha chuma. Nyumba yetu ya zamani imepakwa rangi ya bluu, na kwenye ngazi ambazo mama alianikia mihogo pamewekwa maboga. Baba mdogo alikuwa ananisubiri barabarani, amevaa tayari suruali ya mpira inayofika kifuani, majirani wanamtazama.

"Mtaalamu amefika," alisema. "Umekuja kuvua au kuuliza maswali?"

"Yote mawili."

Kijito kiko mwendo wa saa moja na zaidi kuelekea kaskazini, kinamwaga maji yake Ziwa Ontario. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na tulipofika maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Baba mdogo akanikumbusha kanuni za baba. Maji machafu, funga nzi kubwa ya rangi inayopiga kelele. Maji yakitakata, ndogo na ya rangi iliyonyamaza. Alfajiri au siku ya mawingu, nyeusi, maana samaki akitazama juu huona umbo kuliko rangi. Maji yakiwa baridi sana, rudi kwenye kubwa na uizamishe, kwa sababu samaki mvivu hafuati kitu kidogo. Hata namba za ndoana ziko kinyumenyume: namba nne ni kubwa, namba kumi ni ndogo.

"Lakini samoni akishaanza kupanda kijito hali tena," nilisema. "Nimesoma. Sasa kama hali, anachagua rangi ya nini?"

"Anauma kwa hasira."

"Nani alimuuliza?"

Baba mdogo alicheka. "Baba yako alisema hasira. Mimi nasema ni mazoea, mdomo umezoea. Wewe sema lako, halafu tupa mshipi."

Yeye mwenyewe hazifuati kanuni hizo. Hufunga ya chungwa tu, mvua au jua, kwa sababu mwaka mmoja ilimpa samaki watatu. Nilimwambia hiyo si sababu. Alisema ndiyo aliyo nayo.

Nilifunga ya kijani kali, namba nne. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Jua lilipokaribia miti, mshipi ulivutika mpaka nikajikwaa kwenye mawe. Tulihangaika naye, na Baba mdogo akamwopoa kwa wavu: samoni mnene, mgongo bado unang'aa. Nilikuwa tayari namwona mezani. Kisha Baba mdogo akageuza wavu. Ndoana ilikuwa imemshika ubavuni.

"Huyu hakuuma," alisema. "Amepita, ukamkwaruza. Sheria ya hapa, ambaye hakushikwa mdomoni anarudi."

"Hakuna mtu anayetuona."

"Tunaonana."

Nilimshika mkia majini mpaka akapata nguvu, akaondoka. Usiku huo simu ya mama iliita mara mbili. Sikupokea.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamepungua, unaweza kuhesabu mawe ya chini. Nilipaswa kuondoka saa sita ili nifike nyumbani kabla ya Jumapili. Niliamua kufanya kama nilivyofundishwa chuoni: badilisha kitu kimoja, kingine kibaki vilevile, ndipo utajua. Nilibaki na ukubwa wa namba nne nikabadilisha rangi tu. Chungwa, hapana. Nyeusi, hapana. Niliwaona samoni kwa macho yangu, nzi ikiwapitia wanafungua njia kama watu wanaompisha mlevi.

"Ni kubwa mno," Baba mdogo alisema.

"Bado sijamaliza rangi."

"Mtihani wako ni mzuri. Wao hawajajiandikisha."

Ilipofika saa tano na nusu nikaanza kumwona mama kwenye kiti cha nyuma, Jumapili nyingine na nyingine. Vidole vilikuwa baridi. Niliikata nyeusi, nikachukua namba kumi, ya kahawia, yenye nywele za Neema, na wakati uleule wingu likafunika jua. Mara ya tatu kuitupa, mshipi ulisimama. Halafu ukaondoka na maji. Baba mdogo alikuwa ananiita kwa jina la baba bila kujua, "Mlegezee, Yosia, mlegezee," na mimi nikamlegezea.

Ndoana ilikuwa kwenye pembe ya mdomo. Alikuwa jike la wastani, bado wa rangi ya fedha, maana waliokwisha kuwa weusi nyama yao huwa imelegea. Tulimweka kwenye barafu. Ndipo nilipogundua nilichofanya: nilibadilisha ukubwa na rangi kwa pamoja, na wingu likaongeza la kwake. Sijui ni kipi kilichomfanya aume. Niliwaza hayo njia nzima, Cleveland, Columbus, ambako Neema alitoka na kanga mabegani kumtazama samaki kwenye maegesho, mpaka daraja la mto Ohio. Baba alivua miaka mingi na nadhani naye hakujua, ila alikuwa na raha ya kubahatisha kwa utaratibu. Zamani ningemwambia hiyo ni imani tu. Sasa ningemuuliza kwanza anafunga ipi.

Jumapili baada ya ibada nyumba ilijaa. Mama alikuwa amempika mwenyewe, mzima, kwa nyanya na ndimu, na kabla ya sala alinihoji mbele ya mchungaji: maji yalikuwaje, wapi hasa, ulimshika mdomoni? Nilimjibu yote, na yule wa Ijumaa nikamtaja.

"Ulimrudisha?"

"Nilimrudisha."

Aliitikia kwa kichwa, akaanza kupakua. Sasa, nyumbani kwetu kichwa cha samaki kilikuwa cha baba. Hakuna aliyewahi kukigusa, na watu wote mezani walikuwa wanajua. Mwanamke mmoja wa kwaya alinisogezea sahani yangu mbele, kwa kuwa mimi ndiye mwana wa kwanza. Mama alikiinua kichwa kwa mwiko, akakizungusha juu ya meza yote, akakiweka kwenye sahani yake.

Alichimbua shavu kwa kidole gumba, akala, akafuta mkono.

"Miaka yote ile," alisema, "alikuwa ananiambia hakina nyama."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka, kisha sisi wote. Mama hakucheka. Alikuwa na kazi ya kutoa jicho. Alipomaliza, aliomba maji, akanywa, akamuuliza yule mwanamke wa kwaya mazoezi siku hizi ni Jumanne au Jumatano.