Simu za Kwenye Kikapu

Kwenye chumba cha kompyuta cha usharika wetu mimi hukaa kona, ambako hakuna anayepita nyuma yangu. Nyumbani hatuna kompyuta. Kwa hiyo mchungaji aliposema vijana tusipoacha kupakua filamu chumba kitafungwa, nililia kidogo chooni, nikanawa, nikarudi.

Ni kweli kila Jumamosi mchana intaneti ilikuwa inakata. Mchungaji akiwa kwenye kikao cha mtandaoni anaganda mdomo wazi. Na Jumamosi mchana ndiyo zamu yetu.

Mjomba wangu ni fundi mitandao, duka lake liko Kaloleni, mjini. Nilimsimulia, akapanda huku kwetu mlimani. Akanikalisha mbele ya kompyuta mpakato ya usharika.

"Mimi sigusi. Utaseti wewe."

"Mjomba, nitaharibu."

"Ukiharibu tunazima, tunawasha. Mafundi wote tunaishi hivyo."

Tulianza na swichi, kile kisanduku ambacho nyaya zote za jengo zinaingia. Kila tundu nikalipa jina: vijana, mchungaji, ofisi ya wazee. Nikairuhusu kompyuta hiyo isome kila tundu linapitisha kiasi gani. Isome tu, isibadilishe kitu. Kwenye ruta, ambayo ndiyo njia ya kwenda nje, nikawasha kumbukumbu za kifaa kipi kinatuma kiasi gani, wapi na saa ngapi.

"Inasoma meseji za watu?" niliuliza.

"Hapana. Inaona ukubwa wa mzigo na unakokwenda. Hebu rekebisha na saa yake, iko nyuma. Saa ikikosea, utakuja kumsingizia mtu."

Jumamosi tulikaa tukitazama skrini, kila tundu na mstari wake. Mstari wa vijana ulilala chini. Wazee walipoanza kikao chao ukumbini, mstari wa ofisi yao ukapanda mpaka juu. Mzigo ulikuwa unatoka kwenda nje, hauingii kama filamu inayopakuliwa.

"Nani yuko ofisini?"

"Hakuna mtu, mjomba. Wote wako kwenye kikao."

Tukaenda kuchungulia. Mezani kulikuwa na kikapu. Wazee wetu huacha simu humo ili zisilie kikaoni, na katibu, kwa wema wake, huzichomeka zote chaji, pembeni ya kisanduku cha waifai. Simu zikishatulia hivyo, zinaanza kupeleka picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni.

"Kawaambie," mjomba akasema.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi mgeni. Chumba ni chenu."

Niliingia ukumbini na kompyuta mikononi. Nikasema shikamooni kwa sauti ndogo.

"Paza sauti, mwanangu, masikio haya yamezeeka," akasema mwenyekiti.

"Si sisi. Ni kikapu."

"Kikapu kinaangalia filamu?"

Walicheka, na kicheko chao kikanisaidia. Nikawaonyesha mistari, nikaeleza. Mama mmoja mzee wa kanisa akashika kichwa: "Jamani, ndama wangu! Nimempiga picha mpaka akiona simu anakimbia."

Mchungaji, aliyekuwa ameingia baada ya kikao chake cha mtandaoni kuganda tena, hakucheka. Aliangalia mstari wetu uliolala chini.

"Na yangu niliyompa katibu aichaji, imo kikapuni?"

"Imo, mchungaji."

"Basi chumba kisifungwe." Akanigeukia. "Nani atakuwa anaangalia hiyo mistari?"

Nilitaka kusema mjomba. Nikasema mimi.

Siku hizi katibu anazima waifai ya simu kabla ya kuchomeka chaji. Bado nakaa kona, ila Jumamosi vijana wanakuja kusimama nyuma yangu kuangalia mistari. Sijazoea.