Nilimpa Marehemu Mama Sifa za Baba

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Hata nikimtaja shetani hapa atashangaa, maana siku ile hakuwepo. Nilidanganya kwa mdomo wangu mwenyewe, nimeshiba, tena natabasamu!

Jina langu liache tu. Huku kwetu ukitaja jina, jioni yake hata mbuzi wanajua.

Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule. Baba akabaki na sisi mabinti watatu kule Nyakatuntu. Alikuwa ametoka Burundi akiwa kijana, akachuma kahawa za watu kama kibarua mpaka akapata kibanja chake mwenyewe, migomba na mibuni kidogo. Watu wakamshauri aoe upesi, watoto watakufa njaa. Akawa anawajibu, "Nitaoa siku nitakaposhindwa kupika."

Loo! Hakushindwa.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vya mpakani kwetu, dukani rafu tupu na mwenye duka anasinzia. Mafuta ya kula ulikuwa unayasikia tu kwa jirani aliyeyasikia kwa mwingine. Baba anaingia jikoni, anatazama kilichopo: ndizi chache, majani ya maboga, nyanya chungu zimenyauka. Hakuna mafuta? Anakaanga karanga, anazitwanga, anakorogea humo. Maharage yamegoma kuiva? Anachoma maganda ya ndizi, anachuja majivu yake, maji yale anayatia chunguni. Maharage yenyewe yanaomba radhi!

"Tata, hiki kinaitwaje?" tunamuuliza baba.

"Kinaitwa Usiulize."

Kesho yake ukiuliza tena, anakwambia hiki ni mdogo wake Usiulize.

Mimi kwa kuwa mkubwa nilisimama naye pale mafigani kila siku. Hakuwahi kunipimia kitu kwa kijiko. Anakusogezea mwiko puani, anasema, "Nusa. Inasemaje?" Ukijibu inasema chumvi, anakutilia chumvi kidogo, kama ipo. Ukikosea anacheka mpaka anakohoa moshi.

Lakini shuleni walitucheka. "Baba yenu ndiye mama yenu!" Nikaanza kuona aibu. Akipita mtu barabarani nami namwona baba kachutama anamenya ndizi, nilikuwa navuta mlango wa jiko. Yeye alidhani nazuia upepo.

Nikakua, nikaolewa Songambele, kwenye ukoo wa Walutheri wenye kahawa nyingi na heshima zao. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama kanisani. Mwanamke mrefu, sauti yake ukiisikia unakaa vizuri hata kama umesimama. Kwake, mwanaume kuingia jikoni ilikuwa sawa na kuku kuingia kanisani.

Jumapili moja, nikiwa bado bibi harusi, wazee wa kanisa wakaja bila taarifa. Mama mkwe akanisogeza pembeni. "Mwanangu, jikoni hamna kitu. Nitaficha wapi uso wangu?"

Nikaingia. Maharage ya jana yalikuwepo, ndizi zilikuwepo, karanga kiganja kimoja, dagaa wa mwisho mwisho. Nikakaanga, nikatwanga, nikanusa. Nikapika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja, nikamwagia ule uji wa karanga na dagaa, nikafunika kwa jani la mgomba. Wazee walikula mpaka mmoja akalegeza mkanda.

Mama mkwe akaniuliza mbele yao wote, "Nani amekufunza mkono huu?"

Nikawatazama wale wazee. Nikasikia kicheko kile cha shuleni. Nikasema, "Mama."

Neno moja tu, jamani! Nilidhani litapita kama pilipili, dakika mbili limekwisha. Kumbe nimepanda mti!

Mama mkwe akalitangaza kanisani. Nikawa naitwa kwenye harusi na vipaimara, wanawake wananizunguka wajifunze. Wakiniuliza, naongeza. Mara mama alikuwa akinusa mwiko hivi, mara mama alikuwa akichuja majivu hivi. Mama masikini, ambaye ninachokumbuka kwake ni kitenge chake tu, nikamfanya mpishi wa wilaya nzima!

Tukapata mtoto wa kwanza. Ubatizo. Baba akaja na baiskeli, kafunga mkungu wa ndizi nyuma, shati jeupe, viatu ameazima. Nilifurahi kumwona. Wala sikukumbuka kwamba uongo wangu nao umealikwa.

Chakula kilipokwisha kuliwa, mama mkwe akasimama, akamgeukia baba kwa adabu zote. "Mkwe, nataka nikushukuru mbele ya watu. Marehemu mke wako alikuwa fundi. Aliyotuachia mikononi mwa binti huyu tunayala kila siku."

Watu wakapiga makofi. Baba akanitazama. Mimi nikamtazama mtoto, nikaanza kumfunga kofia iliyokuwa imeshafungwa.

"Waitu jamani, ni kweli," baba akasema taratibu. "Alikuwa fundi. Mimi hata maji huwa yananiungulia."

Watu walicheka hadi machozi. Na yeye akacheka nao. Lakini sahani yake niliikuta imejaa, kaigusa ukingoni tu.

Tangu siku hiyo baba hakunipikia tena.

Hakununa, la! Angenuna ingekuwa nafuu. Nikienda kumsalimu, nampa shikamoo, anaitikia vizuri, ananibebea mtoto. Saa ya kula anakaa nje kwenye kigoda. "Jikoni huko nitafute nini? Mimi mwanaume. Pika wewe, uliyefunzwa na mama." Na anatabasamu. Ninamenya ndizi peke yangu, macho yanawasha, nasingizia kuni mbichi.

Wadogo zangu walipokwenda, aliwapikia. Nilikuwa naambiwa! Wanakuja kunisimulia makusudi: juzi katupikia senene kwa majani fulani, hujawahi kuonja. Nikiuliza majani gani, wanajibu, "Kamuulize mama." Wanangu wawili walikua hadi kusema na kukimbia bila kuonja mkono wa babu yao. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na nililipa kila nilipokwenda.

Siku moja nikapiga magoti nyuma ya jiko lake, nikamwomba msamaha. Akaniinua. "Nilishakusamehe kabla sijafika nyumbani na baiskeli." Nikadhani sasa atawasha moto. Akarudi kwenye kigoda chake.

Nilipomsimulia mume wangu, akatikisa kichwa. "Wewe mwanamke! Umemkana mbele ya kanisa, unamwomba radhi nyuma ya jiko?"

Akaniacha na hilo.

Basi ikafika harusi ya shemeji yangu. Kina mama tumejaa uani, tunamenya ndizi, na mama mkwe anawasimulia wageni habari za mama yangu. Nikaweka kisu chini. Nikasimama. Nikasema yote: mama hakunifundisha kitu, nilikuwa mdogo mno. Aliyenifundisha ni baba, na nilimwonea aibu.

Wageni wakamgeukia mama mkwe.

Mama mkwe akasema, "Yaani miaka yote hii ninamshukuru mtu ambaye hakuwahi hata kukushikisha mwiko?"

Mmoja akacheka, kisha wote. Walinicheka mpaka visu vikawatoka mikononi. Mama mkwe hakucheka. Akaniambia, "Huyo mzee nilimshukuru kwa kazi yake mwenyewe, na nikampa sifa mtu mwingine. Umenifanya nami nimkosee. Mwite aje."

Baba akaja wiki iliyofuata, akidhani kuna mgonjwa. Mama mkwe akampokea mlangoni, akamwambia kwamba nimesema ukweli wote mbele ya kina mama, jiko ni lile na kilichopo ni kile. Wanawake walijipanga ukutani kumtazama mwanaume akipika. Wawili walikuwa wameziba midomo kwa khanga.

Baba akakunja mikono ya shati. Akapita katikati yao, akachungulia chungu, akachutama. Halafu bila kugeuka akaniita.

"Wewe! Unasimama kama mgeni? Njoo umenye."

Nilimenya na machozi, na safari hii sikusingizia kuni.

Chakula kilipoiva, mama mkwe alikipakua mwenyewe. Alikibeba mpaka sebuleni walipokaa wanaume, akapiga magoti mbele ya baba, magoti yake yale ya kiongozi wa kina mama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Pokea, mkwe. Ni chako." Baba akapokea kwa mikono miwili. Alikula, akamaliza, akaomba tena.

Ewe unayesoma hii ukiwa umeshiba kwa ujuzi wa mtu fulani: mtaje. Kama ni baba, sema ni baba. Usingoje moyo wako ukusute jikoni peke yako, huku aliyekufundisha amekaa nje anakutania. Utani wa mzazi uliyemkana, jamani, unauma kuliko fimbo!