Asubuhi Niliyotoka Nje ya Ua, Baraka

Rafiki yangu, juzi nilipita mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nikielekea Kazimia. Dereva alisema tusisimame, eti hapo hakuna cha kuangalia isipokuwa matope na pikipiki. Nikamwomba asimame. Nikatembea mpaka pale harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, inapoanza, nikawa mtoto tena.

Tulishuka kutoka milima ya Minembwe kwa miguu, mama, nyanya na mimi, tukikimbia vita. Baba alibaki na ng'ombe. Kwenye mteremko wa mwisho niliona ziwa, nikadhani ni ukungu uliolala bondeni kama wa kwetu. Nikangoja jua liuondoe. Haukuondoka.

Mjini tulipata chumba ndani ya ua wa matete, na mama akanikataza kutoka. Ukifungua kinywa tu, alisema, watajua umetoka wapi, na huku sisi wa milimani tunahesabiwa maadui. Basi Baraka niliijua kwa masikio: mashine ya kusaga muhogo, kwaya za makanisa mawili zikishindana, sombe, yale majani ya muhogo, ikitwangwa kila jioni. Mimi nilifagia ua, nikaosha sahani, nikafagia tena mahali palipokuwa safi. Joto lilitukalia kifuani. Nilimwonea wivu kuku aliyejua kupenya matete.

Aliyeumia zaidi ni nyanya. Alikuwa mtu wa maziwa. Samaki hakuwahi kumtia kinywani, kama wazee wengi wa kwetu. Alikunywa chai kavu, akageukia ukuta, akazidi kukonda.

Jirani yetu, mama wa Kibembe, kabila la wenyeji, aliyeanika ndagala upande wa pili wa matete, aliona hali ile. Siku moja akaingia, akamwambia mama, "Unipatie huyu mutoto, tuende kutafuta maziwa. Mi sijue maziwa, batanidanganya. Ye iko najua ile ya muzuri."

"Na bakimuuliza kitu?"

"Atanyamaza. Mi ndiye nitasema."

Mama alimtazama nyanya pale ukutani. Kisha akafungua kamba ya mlango.

Jirani alinifunga kikwembe chake, kitenge cha kina mama wa huko, akanitwika beseni la ndagala. Nilitembea nikishika nguo yake. Mafundi walishona barazani, mawese yaling'aa mekundu kwenye mabeseni, na ufukweni watu walikung'uta nyavu wakicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanaweza kuwa wengi hivyo bila kukimbia.

Sokoni kijana mmoja alitusimamisha, akanitazama usoni. "Mama, huyu mutoto ni wa nani?"

"Wangu. Unakuja kununua ndagala, ao kuhesabia batu batoto?"

Wauzaji wakacheka. Kijana akatupisha, lakini sikuiachia nguo ya jirani mpaka mwisho wa soko, ambako tulimkuta mwanamke Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda na kidumu cha maziwa. Nikayanusa. Yalikuwa na ule moshi mdogo wa vyombo vya kwetu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Nyanya aliyanywa polepole, kisha akaniuliza huko nje kukoje. Nikamweleza mawese, nyavu, hata kile kicheko cha sokoni. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni mji wa watu," akasema.

Lakini mama aliposikia habari ya yule kijana, alifunga kamba ya mlango. Maziwa yaliendelea kuja, jirani akiyaleta mwenyewe, ila mimi sikutoka tena mpaka siku tuliyopanda boti kwenda Uvira. Tangu asubuhi ile, hata hivyo, kila sauti niliyoisikia nyuma ya matete ilikuwa na sura ya mtu.

Leo ule ua haupo; pamejengwa nyumba ya matofali. Nyanya alifia Uvira. Baba hakushuka, na kule juu hatuna tena nyumba wala ng'ombe.

Hiyo juzi nilimwuliza mama mmoja muuza ndagala kama anamfahamu jirani yetu. Akaniuliza jina lake. Sikulijua, tulikuwa tukimwita Mama Jirani tu.

"Ikaa hapa," akasema, akinisogezea kiti. "Uniambie alikuwa namna gani, pengine nitamukumbuka."

Nikakaa, nikaanza na mikono yake.