Somo la "circle" lililofanya Bagira waje kulia kwetu

Wakuu, salamu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Bukavu, wakati wa vita. Siongezi chumvi.

Niliporudi kutoka Kampala na diploma yangu ya kufundisha Kiingereza, mtaani Bagira walisema sitapata mwanafunzi hata mmoja. Jirani yetu Papa Bahati, fundi cherehani, alinisema mbele ya watu: "Vita iko hapa, wewe unaleta Kiingereza. Tutakula ile Kiingereza na sombe?" (Sombe ndiyo kisamvu.)

Sikubishana. Mashirika ya misaada yalikuwa yanatafuta watu wa Kiingereza, na mimi ninacho. Nilichokosa ni viti tu. Nikaazima kwa majirani, hata kwa Papa Bahati huyohuyo.

Kampala tulifundishwa kwamba darasa la lugha hukaa duara. Nikachagua somo la kwanza liwe neno lenyewe: circle.

Marafiki zako wa karibu ni circle yako. Ukizungushia jibu kwenye mtihani, ume-circle. Ndege inayozunguka angani ikisubiri kutua, nayo ina-circle. (Sidhani kama kuna aliyewahi kulifundisha vizuri zaidi mjini pale.)

Nikapanga viti uani, duara safi kabisa.

Sasa, miaka ya ugenini ilikuwa imenisahaulisha jambo. Kwetu, viti vya majirani vikipangwa duara uani, kuna kilio. Na kaka yangu Déo alikuwa amekwenda Sange kununua mchele, mapigano yakafunga barabara. Wiki nyingi, hakuna habari.

Mama alirudi kutoka sokoni, akaviona. Akatua kapu, akavua viatu, akakaa chini kwenye udongo.

"Wamemupata wapi?" akaniuliza.

Kabla sijaelewa, majirani walishaanza kuingia. Papa Bahati alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Maman, hapana. Iko masomo ya Kiingereza."

Mama akachukua viatu vyake. "Basi panga kama kanisani. Mutoto wangu hajakufa."

Nikapanga mistari. Nikafundisha circle watu wakitazamana visogo, na walielewa. Papa Bahati, aliyekuja kulia, alibaki hadi mwisho. Siku iliyofuata alirudi na daftari. Baada ya hapo darasa lilijaa.

Barabara ilipofunguka, Déo alishuka kwenye lori, amekonda, katikati ya kipindi changu. Mama alibeba viti kimoja kimoja, akavipanga duara kwa mikono yake, akamkalisha Déo katikati.

Nilichojifunza: diploma inakupa njia ya kufundisha, lakini uliza kwanza uani kwenu viti vinasema nini. Walimu mliosomea mbali, nanyi yaliwakuta yapi? Mwageni hapa.

Na viti? Ada ilinunua mbao, nikatengenezewa mabenchi. Mimi na Déo tukapita nyumba kwa nyumba tukirudisha kila kiti kwa mwenyewe. Cha Papa Bahati kilikuwa cha mwisho. Hakukipokea.

"Rudisheni kule. Kesho nitakaa wapi?"