Msusi na Mbwa Aliyeitwa Shangazi

Mtu akishainamisha kichwa asukwe, ulimi nao hulegea. Msusi alilijua hilo kwa miaka ishirini na miwili. Katika chumba chake chenye viti vitatu na redio isiyozimwa, alijua nani kanuna, nyumba gani ina panya na nyumba gani ina upweke. Hakuwa mmbeya. Aliyasikia, akayaweka, akaendelea kusuka.

Siku moja alikuwa akimsuka Mama Funguo, msimamizi wa kituo cha wanyama waliotelekezwa, aliyepewa jina hilo kwa rundo la funguo lililomning'inia kiunoni. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, simu ikaita. Mbwa kaletwa kituoni, manyoya yamesokotana mpaka hawezi kutembea, na mashine ya kunyolea ya daktari imekufa.

"Mwambie daktari asubiri," Msusi akasema. "Mashine ninayo na mikono ninayo. Nikimaliza kichwa chako twende wote."

Kazi ile ilichukua saa tatu. Alikata fundo moja moja, akimsemesha mbwa kama anavyowasemesha watoto wanaolilia kitana: pole mama, bado kidogo. Manyoya yalipokwisha, chini yake akatokea jike mwembamba, mwenye mvi mdomoni na macho ya mtu anayedai maelezo. Akamtazama daktari, akambwekea. Akamtazama Mama Funguo, akambwekea. Akaibwekea na ndoo.

"Huyu shangazi yangu mtupu," daktari akasema. "Haoni jambo akanyamaza."

Jina likaganda.

Tangu hapo, kila Jumatatu saluni ikiwa imefungwa, Msusi alikwenda kituoni kuosha vibanda, kuchana manyoya na kutoa kupe. Nyumbani kwake hakuweza kufuga hata paka, maana mumewe akikaribia manyoya hupiga chafya mpaka machozi. "Wapende tu," mume alimwambia, "lakini uoge kabla hujanikumbatia."

Msaada wake mkubwa, hata hivyo, ulitoka kwenye kile kiti cha saluni. Mteja akilalamika panya wametafuna pazia, wiki ya pili paka kahamia kwake. Mwanzoni alikosea. Aliwapa maharusi mbwa mchangamfu, akarudishwa siku ya sita. Kumbe bibi harusi aliogopa mbwa tangu utotoni, alikubali ili kumridhisha mume. Msusi alimwomba radhi bibi harusi, kisha akaenda kibandani akamwomba radhi mbwa. Baada ya hapo aliuliza kwanza yule atakayeshika ufagio.

Shangazi naye alichukuliwa mara mbili, akarudishwa mara mbili, zote kwa sababu ya kelele. Miezi tisa ikapita.

Ndipo binti wa fundi cherehani alipokuja kusukwa.

"Baba masikio yamemwishia," akasema. "Wateja wanapiga hodi, yeye kainamia cherehani. Wanaondoka. Nikimwambia akapime, anasema sisi ndio tunanong'ona."

"Majirani zake kina nani?"

"Huku mchomelea vyuma, huku mashine ya kusaga. Kwa nini?"

Msusi akacheka peke yake, akamvuta nywele bila kukusudia.

Jumatatu akafika kwa fundi na Shangazi kamfunga kamba. Fundi alikuwa mtu mzima wa mabega mapana, miwani puani, utepe wa kupimia shingoni.

"Shikamoo, baba!" Msusi akapaza sauti.

"Marahaba. Mbwa wa nini?"

"Mshonee koti. Manyoya yake hayajarudi vizuri, asubuhi anatetemeka." Hilo lilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote.

"Mimi nawashonea watu."

"Najua. Nikimpeleka kwingine watamharibia mabega."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Fundi alivua utepe, akapiga magoti, akapima kifua, akapima mgongo. Shangazi, ambaye daktari hakuweza kumgusa sikio, alisimama kimya kama bwana harusi anayepimwa suti. Fundi aliporudi kwenye cherehani, mbwa alijilaza chini ya meza, karibu na miguu yake.

Mwanamke akatokea mlangoni na gauni mkononi. "Hodi! Hodi humu!" Fundi yuko na mshono wake. Shangazi akachomoka akibweka, akakimbilia mlangoni, akarudi, akamsukuma fundi muundi kwa pua. Fundi akageuka.

"Leo umenisikia!" mteja akasema. "Juzi niliita mpaka koo likakauka."

Fundi akainuka. Akapokea gauni, akaandika vipimo, mteja akaenda zake. Kisha akamkodolea macho mbwa.

"Ana kelele sana huyu?"

"Sana, baba. Sikufichi. Wamemrudisha mara mbili kwa ajili hiyo."

"Kelele gani?" fundi akasema. "Mimi sijaona shida yoyote." Akavuta kitambaa cha buluu. "Koti haliishi leo. Mwache."

Koti ambalo hata anayejifunza cherehani angelishona kwa saa moja lilichukua wiki tatu. Msusi akipita, mara vifungo havijapatikana, mara kola haijakaa. Jumatatu ya nne alikuja na Mama Funguo na karatasi za kusaini. Fundi akasaini, ila akaweka sharti moja.

"Shangazi siwezi kumwita. Dada yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, anakaa nyumba ya tatu. Nikiita, ataitika yeye na watoto wake." Akamwita Kengele.

Mwezi uliofuata binti akaleta habari saluni: baba kakubali kwenda kupimwa masikio. Hakuna aliyemshurutisha. Alisema anataka kujua huyo mbwa anasema nini siku nzima.

Jumatatu moja Msusi alipita pale akielekea kituoni. Mbwa alikuwa kizingitini na koti lake la buluu. Alipomwona alisimama, akambwekea kama mgeni asiyejulikana.

"Mimi? Mimi niliyekunyoa?" Moyo ulimchoma kidogo. Akangoja. Mbwa akasogea, akanusa pindo la gauni lake, mkia ukaanza kutikisika taratibu, halafu akarudi mlangoni pake kushika zamu. Ndani, fundi aliinua mkono kumsalimu bila kuacha kushona.

Msusi akaendelea na safari, akitembea upesi. Kituoni walikuwa wakimsubiri. Kulikuwa na paka aliyekanyaga lami, na hakuna aliyethubutu kumshika.